Chiriku Aliyeitwa Askofu

Colmorta, tarehe 14 Septemba 1951

Kaka Fermo,

Huku tupo. Nikisema tupo, ni mimi, mbuzi wawili na ndege wa Baba. Tangu tumzike Baba wiki ile baada ya Pasaka, kwako sijapata kitu ila kadi yenye picha ya kituo cha treni. Sikulaumu. Najua mgodi wa makaa haumpi mtu ruhusa eti kwa kuwa mzee wake amefia mlimani.

Nimefanya yote kama alivyofanya yeye. Mwezi wa tano niliwashusha chiriku wa kuitia ndege wapitao kwenye chumba cha chini, nikaziba dirisha kwa gunia, nikawalisha kwa kupapasa kiangazi kizima. Mwisho wa mwezi wa nane nikaanza kuwatoa kidogo kidogo kwenye mwanga. Sasa wanadhani majira ya kuchipua ndiyo kwanza yameingia, wanaimba kana kwamba kesho wanaoa. Askofu ndiye anayewaongoza, kama kawaida yake. Akianza yeye, wale wengine hawathubutu kunyamaza.

Matundu ya nyavu nimeyaziba. Duara la miti nimelipunguza matawi. Yule kipanga wa fito, tunayemtupa kutoka mnarani ili ndege wanaopita washtuke na kuteremkia nyavuni, nimemsuka mkia upya. Rokolo zima, miti, mnara na nyavu, liko tayari, anayekosekana ni mwenyewe.

Hukuwepo, kwa hiyo nikuambie maneno ya Baba kama yalivyotoka. Alisema, "Rokolo ni la Fermo. Orsola alishike mpaka arudi." Nikamuuliza, "Na Orsola atashikwa na nani, Baba?" Lakini alikuwa ameshageukia ukutani.

Naliuliza hilo kwa sababu Celestino Rota alikuja kuniposa siku ya Kupalizwa Bikira Maria. Unamjua, yule mtengeneza jibini wa ng'ambo ya mlima, mwenye masikio makubwa. Alikaa jikoni akala ugali sahani mbili bila neno, ndipo akasema, "Orsola, mimi si mtu wa maneno."

Nikamwambia, "Nimeona. Wewe ni mtu wa ugali."

Alicheka mpaka akapaliwa. Kaka, jiko hili lilikuwa limesahau kicheko.

Ng'ombe wake wako huko, yeye hawezi kuhamia hapa. Nikiolewa nitauhama mlima huu, na rokolo likiachwa msimu mmoja bila mkono wa mtu linageuka kichaka. Nimemwambia asubiri, kaka yangu anakuja mwezi wa kumi, ndege wakianza kupita. Ulimwahidi Baba. Niambie siku, nishuke na nyumbu kukupokea.

Mdogo wako,
Orsola


Limburg, Ubelgiji, 25 Septemba 1951

Mdogo wangu mpenzi, ua la Colmorta,

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa kitandani na suruali ya kazi, machozi yakachora njia katika makaa usoni. Wenzangu wakaniuliza, "Fermo, umefiwa tena?" Nikawaambia hapana, ni mdogo wangu ananikumbusha harufu ya nyumbani.

Mwaka huu haiwezekani. Mkataba umenibana, na msimamizi wetu ni mtu ambaye hata mama yake akifa atamwuliza kwa nini hakutoa taarifa mapema. Lakini mwakani! Nakuapia kwa kaburi la Baba, mwakani ndege wakipita nitakuwa mnarani. Celestino mwambie atulie. Mwanamume anayependa kweli husubiri. Wewe ndiye nguzo ya nyumba, Orsola. Nikiwa chini huko, nimelala kifudifudi kwenye mwanya wa mwamba usiozidi urefu wa kiti, najiambia: juu ya dunia kuna mlango mmoja ambao dada yangu ameuacha wazi. Ndicho kinachonitoa nikiwa hai.

Sasa nina ombi, usinikatalie. Watu wa huku wana wazimu wao. Chiriku hawamli, wanamsikiliza. Jumapili wanakaa barabarani kwenye viti vifupi, mstari mrefu, kila mtu na kisanduku cha mbao mbele yake, ndege ndani hata humwoni. Kila akiimba, wanachora alama kwa chaki kwenye ufito mrefu. Saa ikiisha wanahesabu, na mwenye alama nyingi anapewa maua na heshima ya mwaka mzima. Nimewaeleza kuhusu rokolo, mtu mnarani, ndege wa kuitia wanaowavuta wenzao washuke kutoka mawinguni. Walinisikiliza kama mtoto anayesimulia ndoto. Kwao sina jina, mimi ni "Makaroni" tu, kama Mwitaliano yeyote.

Hawajamsikia Askofu. Gaudenzio, mwenzangu wa mgodini, yuko huko kwenye mazishi ya mama yake, anarudi mgodini mwanzo wa mwezi. Mpe aniletee. Jumapili moja tu, Orsola, niinue kichwa mbele ya watu hawa.

Kaka yako akupendaye,
Fermo


Colmorta, 6 Oktoba 1951

Kaka,

Barua hii inakuja pamoja na Askofu. Nililala nimekataa, nimeamka nimekubali, na bado sijui ni nani aliyenibadilisha.

Gaudenzio nimemwonya: kizimba kisikae karibu na dirisha la treni, kitambaa kisifunuliwe mpaka mfike, maji kidogo kidogo. Mbegu ziko kwenye kifuko cheusi. Mara moja moja mpe kiwavi, si kila siku, atanenepa na kuvimba kichwa kama padri wetu.

Ujue ulichoomba. Wale wengine, Askofu akiondoka, ni waitikiaji tu. Asubuhi hii nimewatundika rokoloni bila yeye kuwajaribu. Kundi zuri lilipita kutoka mashariki, chini kabisa, nilisikia mabawa. Chiriku wetu walilia "pink, pink" kama watu wanaoitana sokoni, wakanyamaza. Kundi likaenda zake. Msimu huu nitakula ugali mtupu.

Celestino alikuwepo. Akaniuliza, "Umempa ndege wa baba yako akacheze naye?"

"Anamhitaji."

"Na wewe, Orsola, unahitaji nini?"

Nikaendelea kukunja nyavu.

Andika ukimpokea.
Orsola


Limburg, 19 Mei 1952

Orsola! Mdogo wangu!

Kaa chini usome. Tumeshinda.

Jumapili iliyopita nilimpeleka Askofu. Nilivaa koti la harusi la marehemu Baba, lile uliloniwekea kwenye sanduku nilipoondoka. Walinicheka nilipokaa: "Tazameni, Makaroni kaleta chakula chake cha mchana!" Nikaweka kisanduku mbele yangu. Filimbi ikapigwa. Sijui nikueleze vipi. Aliimba kana kwamba anajua kule alikotoka. Mchora alama mkono wake haukupumzika, ufito ukajaa chaki mpaka akageuza upande wa pili. Mzee mmoja mwenye masharubu, bingwa wa miaka na miaka, aliinuka kitini akavua kofia. Orsola, alivua kofia! Walinibeba mabegani mpaka mlango wa baa, maua shingoni, na sasa nikipita mtaani wananiita kwa jina: Fermo. Fermo Carminati wa Colmorta.

Baba angekuwepo! Wasomee watu wa kijiji. Na Celestino naye asikie, ajue familia anayotaka kuingia.

Askofu yuko buheri wa afya, anakusalimu.

Kaka yako,
Fermo


Colmorta, 15 Juni 1952

Kaka Fermo,

Niliwasomea. Jumapili baada ya misa, juu ya ngazi za kanisa, kwa sauti. Nilipofika kwenye kofia ya yule mzee, mke wa mwashi alilia. Padri alisema hata viumbe wadogo hupeleka sifa za nchi ugenini. Wanaume walikwenda baa kumnywea Askofu, wakarudi jioni wanaimba kama yeye, ila vibaya. Sijawahi kutembea katika kijiji hiki kichwa kikiwa juu vile. Kwa hilo ahsante.

Celestino alisikiliza mpaka mwisho. Akanisindikiza hadi kisimani, akasema, "Huyu harudi."

Nikamwambia, "Umesikiliza barua gani wewe? Ameandika juu ya Baba, juu ya kijiji..."

"Ameandika juu ya mtaa wake. Mtu anayefurahi kuitwa jina lake katika mtaa fulani, mtaa huo ndio kwao."

Niligombana naye. Nikamwita bubu aliyefunguliwa kinywa ili aseme upumbavu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema atanisubiri mpaka Mtakatifu Martino mwezi wa kumi na moja, siku watu wanapohama mashamba. Baada ya hapo ana nyumba isiyo na mtu na maziwa yanayoganda bila mkono wa pili, atatafuta mwingine.

Kwa hiyo sasa nakuandikia jambo jepesi. Njoo mwezi wa kumi. Usipoweza kuja, andika sentensi moja: kwamba rokolo limekwisha, kwamba mimi nimefanya niliyoweza na niende. Nitaipeleka kwa padri, nitaisoma kaburini kwa Baba, nitafunga mlango. Neno la Baba lilikuwa kwamba nilishike mpaka urudi. Aliyebaki wa kunifungua ni wewe peke yako.

Sentensi moja, Fermo.

Orsola


Limburg, 28 Septemba 1952

Mdogo wangu,

Unisamehe kuchelewa, kiangazi kimekuwa kizito. Nimepata kikohozi kidogo, vumbi tu, daktari anasema kitapita.

Unaniomba niandike kwamba nyumba ya Baba imekwisha. Nilishika kalamu nikaiweka chini. Unajua unachotaka niue? Babu alipanda ile miti akiwa kijana, akafa bila kuona duara limefunga. Baba ndiye aliyelifunga. Nami niwe mtu wa kuandika "basi"? Hapana. Nakuja mwakani, safari hii ni kweli, mkataba unaisha. Msimu mmoja tu, nini msimu mmoja? Chiriku wenyewe huondoka na kurudi, na mti huwasubiri.

Celestino ana haraka gani? Jibini halikimbii. Na akikimbia yeye, basi umejua alivyo kabla hujalala chini ya paa lake.

Askofu mzima, hajambo.

Wako,
Fermo


Colmorta, 20 Novemba 1952

Fermo,

Mtakatifu Martino amepita.

Mwaka huu walipita wengi kuliko wote niliowahi kuona. Kwanza wetu wa kila mwaka, majike mbele, madume siku za nyuma. Halafu baridi ilipobana kaskazini wakaja wale wenzao wenye kifua cha rangi ya chungwa, makundi kama moshi, mpaka bonde likanguruma. Nilikuwa mnarani peke yangu. Nimejifunza kumtupa kipanga: si mapema, wakapaa, si kwa kuchelewa, wakapita. Nilijaza nyavu asubuhi tatu mfululizo. Wanaume wa hapa sasa wananiita Orsola wa Rokolo, na wake zao wananiita jingine. Mke wa mwashi aliniuliza mbele ya watu, "Orsola, umeolewa na nyavu?" Nikamwambia angalau zangu hazirudi zimelewa.

Asubuhi ya Mtakatifu Martino Celestino alipanda mpaka rokoloni. Alisimama chini ya mnara, kofia mkononi, nami nilikuwa juu kwa sababu kundi lilikuwa linakuja.

"Ameandika?" akauliza.

"Ameandika."

"Amekufungua?"

Nilimshika kipanga tayari. Kundi lilikuwa juu ya miti.

"Basi shuka mwenyewe," akasema. "Ngazi iko hapo. Hakuna aliyekufunga."

Nilimtupa kipanga. Ndege wakaanguka kwenye nyavu kama mvua ya mawe. Nilipogeuka, yeye alikuwa ameshafika kwenye njia ya chini.

Wiki iliyopita amechumbia binti mmoja kutoka Valnera. Wanasema ni mchangamfu.

Njoo mwakani, au usije.

Orsola


Limburg, 8 Februari 1953

Wifi Orsola,

Jina langu ni Godelieve. Mimi ni mke wa Fermo. Lugha yenu naijua ya jikoni, naongea ila kuandika sijui. Padri wa Waitalia ananisahihisha. Fermo hajui kuwa nakuandikia.

Tulifunga ndoa Desemba ya mwaka 1950. Tuna mtoto wa kike, Mieke, ameanza kutembea. Fermo alisema alikuandikia yote, na kwamba wewe ulikasirika kwa sababu mimi si wa kwenu, ndiyo maana hutusalimu kamwe. Niliamini. Aliniambia pia kwamba anakubembeleza uolewe na mtu mwema wa jibini, nawe hutaki, unasema unapenda ndege kuliko wanaume na hutatoka kwenye rokolo mpaka kufa. Nikakuwazia mwanamke mgumu.

Halafu mwezi uliopita nilikuwa nasafisha koti lake la kazi. Nikakuta barua zako za Juni na Novemba. Nilizisoma polepole, neno moja moja. Nikazisoma tena. Nikamwuliza, "Fermo, alikuomba sentensi moja?" Akalichukua koti. Kisha akasema, "Mtu anayeishi chini ya ardhi lazima awe na mahali pake juu. Angeolewa, nisingekuwa na kwetu." Nikamwambia, kwenu ni hapa, mke wako na mwanao wako hapa. Akasema, "Hapa ni kwa mke wangu na mwanangu."

Kuna jambo la pili. Ni la ndege. Lazima nikuambie kwa sababu alikuwa wa baba yenu.

Kwetu chiriku lazima amalize wimbo kwa namna moja, tunasema "suskewiet". Asipomaliza hivyo, hakuimba. Ni sheria. Askofu aliimba vizuri sana, Orsola, mimi nilikuwepo, aliimba saa nzima bila kuchoka. Lakini mwisho wake ulikuwa wa kwenu. Mchora alama alisimama mbele yake na chaki mkononi na hakuchora hata alama moja. Fermo akapiga kelele, "Huna masikio? Anaimba!" Yule mtu akasema, "Anaimba Kiitaliano." Mtaa mzima ukacheka. Hata watoto. Baba yangu naye alikuwa amekaa kwenye mstari ule, akacheka.

Tulirudi nyumbani. Fermo alimtoa Askofu kisandukuni, akamvunja shingo kwa vidole viwili. Haraka, kama mtu anayezima mshumaa. Aliniambia nimpike. Nilikataa, kwetu hatuli ndege hawa, nilikuwa nalia. Akampika mwenyewe, akasonga ugali, akakaa mezani na lile koti la baba yenu, akamla na mifupa. Kesho yake akachukua karatasi akakuandikia. Niliona anaandika na uso unang'aa. Nilidhani anakuomba radhi.

Nakuandikia kwa sababu kifua chake si kikohozi kidogo. Daktari amesema asishuke tena mgodini, na asipopata hewa ya mlimani hatamaliza miaka mingi. Nyumba tunayokaa ni ya mgodi. Hatuna mahali. Tunataka kuja Colmorta majira ya kuchipua. Chumba kimoja kitatosha. Mimi najua kukamua, najua kufua, sitakusumbua. Sijui nina haki gani ya kukuomba, baada ya haya. Naomba kwa ajili ya mtoto.

Wifi yako,
Godelieve


Colmorta, 22 Machi 1953

Fermo,

Barua ya mkeo nimeipata. Usimguse kwa hilo. Ukimwinulia sauti nitajua, na mtoto wenu atajua ana baba wa namna gani.

Ningeweza kukuuliza maswali, lakini kila swali nikiligeuza naona jibu lake limekaa ndani yake. Nina moja tu lisilo na jibu: kwa nini hukuniuliza? Ungeniandikia mstari mmoja, "Watu wa huku wanataka wimbo unaoishia hivi", ningekujibu siku ileile. Chiriku hushika wimbo akiwa kinda, kwa majirani waliomzunguka, akishaushika haubadiliki mpaka kufa. Jambo hilo kila mtu hapa analijua. Hata wewe ulikuwa unalijua. Ulimpeleka akashindwe halafu ukamwua kwa kushindwa.

Mimi niliwasomea watu ushindi wako juu ya ngazi za kanisa. Mimi.

Sasa sikia. Nyumba ni yako, njoo ukae. Funguo ziko kwa Pasqua, mjane wa seremala. Mbuzi nimewaacha kwake pia, mkeo awachukue. Godoro la chumba cha Baba nimelitandua nikalianika, mtoto alale huko, hakuna unyevu.

Rokolo halipo.

Nililikata wiki ya Majivu. Pasqua alikuja na msumeno wa marehemu mumewe, ule wa watu wawili. Mti wa kwanza alinitazama akaniuliza, "Orsola, una hakika? Miti hii ina umri mkubwa kuliko mimi." Nikamwambia avute upande wake. Tulivuta siku nne. Wanaume walisimama njiani wakitutazama, hakuna aliyetukataza wala aliyetusaidia. Mnara nimeuacha, ni mawe, na mtoto atapenda kupanda. Nyavu nimezichoma. Chiriku wa kuitia sikuwaachia huru, maana ndege aliyekulia kizimbani angeliwa na kipanga kabla ya jioni. Nimempa Bortolo, mwenye rokolo la jirani. Alivua kofia alipowapokea, na yeye alivua kweli.

Usiseme nilikata kwa hasira. Hasira ilikuwa imekwisha mti wa pili. Mingine niliikata kwa sababu mti wowote ukibaki, kutakuwa na mtu wa kuambiwa aushike.

Naondoka Jumatatu. Uswisi wanatafuta wafumaji.

Orsola


Colmorta, 18 Oktoba 1953

Wifi Orsola,

Pasqua ndiye aliyenipa anwani yako. Nakuandikia peke yangu sasa, padri wa huku ana kazi nyingi, kwa hiyo makosa ni yangu.

Tumefika tangu Mei. Fermo siku ya kwanza alipanda mpaka juu, akipumzika kila hatua chache, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Alikaa kwenye kisiki. Nilidhani atapiga kelele. Alisema tu, "Huu Baba aliupanda mwaka niliozaliwa." Akakaa mpaka jua likahama.

Anapumua vizuri kidogo. Hafanyi kazi. Mimi nakamua kwa watu watatu na kufua kwa padri. Wanawake hawakunisalimu mwanzoni, sasa wananisalimu, kwa sababu ya Mieke. Anaongea kama wao kabisa. Jana aliniambia neno ambalo sikulijua, akanicheka.

Ndege wanapita sasa. Kila asubuhi, juu sana. Hawashuki, hawana sababu. Mieke ananyoosha kidole. Mimi nafurahi hawashuki, samahani kusema hivyo.

Nina jambo linalonisumbua. Jumamosi nilikwenda kumchukua Fermo baa. Nilisimama mlangoni. Alikuwa anasimulia siku ile ya mashindano. Maua, mabega, mzee aliyevua kofia. Walikuwa wanamnunulia kinywaji. Halafu mmoja akauliza kuhusu miti, akasema, "Dada yangu aliingiwa na wivu. Mwanamke asiyeolewa, mnajua." Wakatikisa vichwa. Nilikuwa pale, nimeshika mlango. Sikusema neno. Je, nilikosea?

Rudi, Orsola. Nyumba hii ilikuwa yako. Nitakupa chumba chenye dirisha la mashariki. Fermo nilimwuliza kama ana la kukuambia. Akasema, "Mwambie visiki vimechipua. Miti huota tena."

Wifi yako,
Godelieve


Glarus, Uswisi, 9 Novemba 1953

Wifi Godelieve,

Hukukosea. Mwache na ushindi wake, ni dawa pekee anayoinywa bila kulazimishwa. Ukiwaambia ukweli leo, watamcheka yeye mara moja na mimi mara mbili, kwa kuwa sauti iliyousoma uongo ule kanisani ilikuwa yangu. Na wewe utabaki unakamua ng'ombe wa watu wanaokucheka. Nyamaza, Godelieve. Lakini Mieke akikua akakuuliza, yeye usimdanganye.

Mwezi wa pili upepo wa nyuma ya nyumba hupenya kwenye ufa wa jiko. Baba alikuwa anauziba kwa majivu na kinyesi cha ng'ombe, fanya hivyo kabla ya Noeli. Fermo asilale upande ule. Maziwa ya mbuzi mweusi ni mazito, yachemshe na asali, mpe jioni. Asipotaka, usimbembeleze, yaweke mezani uondoke. Atayanywa. Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu utoto: hanywi mbele ya aliyempa.

Sirudi. Usinitengee dirisha, mpe mtoto.

Mwambie ni kweli, miti huota.

Hapa kazi ni ya kusimama, mashine thelathini zinapiga kelele pamoja, jioni masikio yanavuma kama bonde la Colmorta lile kundi kubwa lilipopita. Nyuzi zangu hazikatiki sana. Tunalala wanne chumbani. Mwenzangu wa kitanda cha karibu anaitwa Amabile, ametoka Friuli, anaongea kuliko chiriku na hajui kuona mtu amenyamaza akamwacha. Barua yako ilipofika tulikuwa mezani, akanyoosha shingo.

"Nani huyo anayekukumbuka?"

"Wifi yangu."

"Ana watoto?"

"Mmoja. Mimi ni shangazi yake."

Akafurahi, akapiga meza kwa kijiko. "Kumbe una kaka! Miezi yote hii husemi! Yukoje? Anafanana na wewe?"

Nikamwambia anipitishie chumvi, supu inapoa.

Wifi yako,
Orsola